Zamu ya Kila Mtoto: Ulemavu na Mchezo katika Darasa la Awali



Nimeombwa nizungumzie elimu jumuishi kwa watoto wadogo. Mada ni pana na muda wetu ni mfupi, kwa hiyo nimechagua kipande kimoja tu cha siku ya shule, yaani ule muda baada ya uji, watoto wanapotoka nje kucheza. Mwalimu naye hupata nafasi ya kupumua kidogo, akakusanya madaftari, akanywa chai. Andalio la somo halisemi lolote kuhusu muda huo. Lakini hapo ndipo mtoto mwenye ulemavu anapojua kama shule hii ni yake pia, au amekuja kuwatazama wenzake.

Nasema hivi: mtoto hajajumuishwa mpaka apate zamu mchezoni. Jina lake laweza kuwamo katika daftari la mahudhurio, sare yake ikawa mpya, na njia ya kiti chake cha magurudumu ikawa imejengwa kwa saruji. Kama wenzake wanacheza rede naye ameketi ukutani akiwashikia viatu, bado yuko nje. Na zamu hiyo haiji yenyewe. Hupangwa na mtu mzima anayeijua michezo ya watoto, na kuipanga hakuhitaji bajeti ya wizara.

Sheria haikukosekana

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unatambua haki ya kila mtoto kupumzika na kucheza. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unaongeza, katika ibara ya 30, kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo na burudani sawa na watoto wengine, pamoja na ile ya shuleni. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge letu la Tanzania likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Nyuma zaidi, Juni 1994, wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote bila kujali hali zao za mwili au akili. Sera yetu ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 nayo ikaifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja.

Upungufu, basi, hauko kwenye maandishi. Mwaka 2021 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wenye ulemavu duniani ni karibu milioni 240. Wakilinganishwa na watoto wengine, uwezekano wao wa kutohudhuria shule kabisa ulikuwa mkubwa zaidi kwa asilimia 49. Hapa kwetu, kiwango kinachonukuliwa kutoka Sensa ya mwaka 2022, asilimia 11.2, ni cha watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Mtoto wa miaka mitano aliyeketi katika darasa lako la awali hayumo katika asilimia hiyo.

Waliojaribu kumhesabu mtoto huyo wametuachia somo. Mwaka 2016 UNICEF na Kundi la Washington, linaloshughulikia takwimu za ulemavu, walitoa dodoso la kupima uwezo wa watoto. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4, mama au mlezi huulizwa kuhusu mambo manane: kuona, kusikia, kutembea, kushika vitu vidogo, kuwasiliana, kujifunza, kudhibiti tabia, na kucheza. Kucheza kumewekwa safu moja na kuona na kusikia. Mtoto akitimiza miaka mitano, swali la kucheza huondolewa, na miongoni mwa maswali mapya limo moja linalouliza kama anapata shida kupata marafiki. Mwalimu wa awali yuko katikati ya maswali hayo mawili. Anampokea mtoto akiwa bado anajifunza kucheza, kisha anamkabidhi kwa mwalimu wa darasa la kwanza akiwa anatarajiwa kuwa na rafiki.

Watoto huingiaje mchezoni?

Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alichapisha matokeo ya kuwachunguza watoto wa chekechea huko Minnesota. Aliwaona wasiojishughulisha na lolote, wanaocheza peke yao, wanaosimama pembeni wakitazama, wanaocheza sambamba kila mmoja na mchanga wake, wanaochangia vifaa na mazungumzo, na wanaocheza kwa kugawana kazi kuelekea lengo moja. Kwetu sisi maana yake ni kwamba anayetazama naye ana shughuli. Mtoto mwenye usonji anayepanga vifuniko vya chupa kando ya wenzake wanaopanga vyao hajakaa bure wala hajakataa watu. Yuko hatua chache kutoka kwenye kuchangia vifuniko, na kazi ya mwalimu ni kuifanya safari hiyo iwe fupi, bila kumkokota.

Mtafiti mwingine, William Corsaro, aliketi chini na watoto wa chekechea wa Marekani na wa Italia kwa miaka mingi. Aliona kwamba watoto waliokwisha kuanza mchezo huulinda. Wanajua ni kitu kinachovunjika upesi. Akija mtu mmoja asiyeuelewa, umeharibika. Kwa hiyo anayekuja moja kwa moja na kusema "naomba kucheza" mara nyingi hufukuzwa. Anayefaulu ni yule anayezunguka kwanza, akatazama, akang'amua kinachochezwa, kisha akaanza kufanya jambo linalofanana nacho mpaka wenzake wajikute wameshampokea.

Sasa mfikirieni mtoto wetu. Asiyeona hawezi kuzunguka na kutazama. Kiziwi hasikii kwamba mchezo umebadilika kutoka duka kuwa hospitali. Mwenye mtindio wa ubongo anapofika kwenye mwembe, wenzake wameshahamia kwenye ukuta wa choo. Mwenye ulemavu wa akili anahitaji muda mrefu zaidi kung'amua kanuni. Njia ambazo watoto huzitumia kuingia mchezoni ndizo hasa ambazo ulemavu huzifunga. Wenzake wanaomkatalia si watoto wabaya. Wanaulinda mchezo wao kama wanavyoulinda dhidi ya mtu yeyote. Ndiyo maana maneno tunayoyatoa kila siku, "nenda kawaombe mcheze wote", hayafiki mbali. Tunampa mtoto ufunguo ambao haufungui hata kwa wasio na ulemavu.

Wa kurekebishwa ni mchezo

Katika miaka ya 1920, Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefanya kazi na watoto wasioona na viziwi, alisisitiza kwamba madhara makubwa ya ulemavu hutokana na mtoto kukatwa kutoka maisha ya wenzake. Jicho lisiloona haliwezi kutibiwa na mwalimu wa awali. Kile kinachomkata mtoto kutoka kwa wenzake kinaweza kushughulikiwa naye, na mahali pa kuanzia ni kanuni za mchezo.

Wapo waliokwisha kufanya hivyo kwa watu wazima. Mwaka 1946, Mwaustria Hanz Lorenzen na Mjerumani Sepp Reindle walibuni mchezo wa goalball kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani. Mpira una kengele ndani, unaviringishwa chini, na wachezaji wote huvaa kitambaa kinachofunika macho, hata yule anayeona kidogo. Hakuna aliyeongezewa macho. Kanuni zimetungwa hivi kwamba macho hayaleti faida.

Twende kwenye rede. Wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, waliomo katikati wanaukwepa. Mtoto asiyeweza kukimbia tunamwona hafai, kwa sababu tunamfikiria katikati tu. Mweke pembeni kama mrushaji, aketi kwenye mkeka au kwenye kiti chake, nusu ya mpira ni yake. Kama mkono wake hauna nguvu, mpira uviringishwe badala ya kurushwa, na walio katikati waruke. Mpira wa soksi uongezewe ukubwa, ujazwe vitambaa laini. Kwa mtoto asiyeona, weka kokoto chache ndani ya kopo dogo la plastiki, lizungushie vitambaa na kamba. Sasa mpira unapiga kelele. Kama kuna mtoto mwenye ualbino, sogezeni uwanja wenu chini ya mwembe kabla jua halijawa kali, na mpira uwe wa rangi inayoonekana dhidi ya udongo, kwa kuwa wengi wao wana uoni hafifu. Atakuwa amevaa kofia pana na mikono mirefu. Huo ni mpango wa mchezo, na kumfungia darasani saa ya michezo si ulinzi.

Ukuti ukuti unataka kushikana mikono na kuzunguka. Wapo watoto wenye usonji wasiovumilia kushikwa. Chukueni khanga mbili, zifungeni ncha, kila mtoto ashike ukingo wa nguo badala ya mkono wa mwenzake. Duara limebaki, wimbo umebaki, mguso umeondoka. Kombolela hutegemea sauti. Kwa ajili ya mtoto kiziwi, anayehesabu apunge kitambaa chekundu anapoanza kutafuta. Mdako huchezwa mmeketi, kwa hiyo mwenye ulemavu wa miguu huingia bila kubadilisha kitu, na mara nyingi huwa bingwa kwa kuwa mikono yake ndiyo imefanya mazoezi zaidi.

Mtaona kwamba katika mifano yote mchezo haukugeuzwa kuwa "mchezo wa mlemavu". Hilo ni la kuangalia sana. Watoto wakihisi kwamba mwalimu ameleta mchezo wa huruma, watauacha mara akigeuza kisogo. Mchezo uliorekebishwa vizuri ni ule ambao watoto wengine wanautaka hata siku ambayo mwenzao hakuja.

Cheo ndani ya mchezo

Kuna kutengwa kwa aina nyingine, tena kunakofanana na upendo. Nendeni kwenye kona ya nyumba katika darasa lolote la awali, mtazame watoto wanagawana nafasi. Huyu baba, huyu mama, huyu dada wa kazi, huyu mwenye duka. Yule asiyetembea vizuri atapewa kuwa mtoto mchanga. Atalazwa, atafunikwa khanga, atalishwa uji wa mchanga kwa kifuu. Kesho atakuwa mgonjwa, atachomwa sindano ya kijiti. Keshokutwa atakuwa mtoto mchanga tena. Mwalimu akipita atafurahi kwamba watoto wana moyo. Lakini tangu Januari mtoto yule hajawahi kumwamuru mtu, hajawahi kuuza kitu, hajawahi kukosea na kugombezwa kama mwenzake yeyote.

Mwaka 1954, Gordon Allport wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha kitabu kuhusu chuki na ubaguzi. Alieleza kwamba watu wa makundi tofauti kukutana tu hakuondoi dharau. Kwaweza hata kuiongeza. Dharau hupungua pale ambapo wanaokutana wana hadhi sawa, wana lengo moja, wanategemeana kulifikia, na wenye mamlaka wanaunga mkono. Allport alikuwa na ubaguzi wa rangi na dini akilini, lakini masharti yake yanahusu kona ya nyumba vilevile. Mtoto mchanga wa kudumu hana hadhi sawa na mtu.

Chukueni mchezo wa daladala, ambao kila mtoto wa mjini anaujua. Viti vimepangwa safu mbili, au magogo kama hakuna viti. Yupo dereva, yupo konda, wapo abiria, na pengine trafiki. Dereva hukaa. Kazi yake yote huifanya ameketi, mikono ikiwa kwenye sahani ya plastiki iliyogeuzwa usukani. Mtoto wa kiti cha magurudumu akiwa dereva, kiti chake kimekuwa mbele ya gari lote, na abiria hawawezi kuondoka bila yeye. Konda je? Tunadhani konda lazima apige kelele. Lakini sote tumepanda daladala, tunajua kwamba gari husimama na kuondoka kwa konda kugonga bodi. Gonga mara moja, shusha; gonga mara mbili, twende. Mtoto asiyeongea, awe kiziwi au mwenye mtindio wa ubongo uliomzuia kusema, apewe debe tupu na kijiti. Abiria atakayetaka kushuka itabidi amguse konda, amtazame usoni, amwoneshe kwa mkono. Dereva naye anasikiliza debe. Hapo masharti ya Allport yamekamilika: lengo ni gari lifike, kila mmoja anamhitaji mwenzake, na mwalimu ameridhia.

Mpango kama huo haupaswi kuwa wa kudumu. Dereva abadilishwe, konda abadilishwe, na mtoto mwenye ulemavu siku nyingine awe abiria anayekataa kulipa nauli. Haki ya kuwa mtukutu mchezoni nayo ni haki.

Wenzake wafundishwe

Juhudi nyingi huelekezwa kwa mtoto mwenye ulemavu: afundishwe kuomba, kusubiri, kutabasamu. Ni vizuri, ila ni upande mmoja. Katika miaka ya 1990, Howard Goldstein na wenzake huko Marekani walifanya kinyume. Waliwafundisha watoto wa chekechea wasio na ulemavu mambo matatu ya kumfanyia mwenzao: kaa naye karibu, cheza naye, ongea naye. Watoto wa miaka minne waliyaweza, na mazungumzo kati yao na wenzao wenye ulemavu yakaongezeka. Mwalimu wa hapa anaweza kuyaonesha mambo hayo kwa kuigiza yeye na msaidizi wake mbele ya darasa, kwa dakika chache, kisha akawaachia watoto wafanye. Wawe wawili watatu wanaopokezana, asiachiwe mmoja mzigo mpaka akachoka.

Lugha nayo ifundishwe kwa wote. Katika kisiwa cha Martha's Vineyard, pwani ya Massachusetts, uziwi wa kurithi ulikuwepo kwa zaidi ya karne mbili. Nora Ellen Groce alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1985 jinsi wanakijiji waliosikia nao walivyoijua lugha ya alama na kuitumia sokoni, baharini na kanisani, kiasi kwamba viziwi hawakuhesabiwa kuwa kundi la pembeni. Darasa la awali halihitaji karne mbili. Kama kuna mtoto kiziwi, darasa zima lijifunze alama za njoo, subiri, zamu yako, zamu yangu, maji, choo, na rafiki. Mkaribisheni kiziwi mtu mzima kutoka chama cha viziwi cha eneo lenu aje kuwafundisha, ili watoto waone pia kwamba viziwi hukua, hufanya kazi na huheshimiwa. Na niseme wazi: mtoto kiziwi anahitaji pia viziwi wenzake wa kuongea nao lugha yao kwa kasi yao. Kumpeleka shule ya jirani bila mtu yeyote anayejua alama ni kumtenga katikati ya watu.

Maswali ya watoto yajibiwe. "Kwa nini mguu wake uko hivyo? Inaambukiza? Atapona lini?" Mtu mzima huona aibu, humziba mtoto mdomo, na mtoto hujifunza kwamba hapa pana jambo la kutisha. Jibu fupi na la kweli hutosha: misuli yake haipokei vizuri amri za ubongo; haiambukizi; anakusikia na anakuelewa, ila mpe muda ajibu. Wazee wetu walisema hujafa hujaumbika, na mtoto wa miaka mitano anaweza kuelewa kwamba miili hutofautiana.

Kuhusu kanuni, mwalimu wa chekechea Vivian Paley wa Chicago alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1992 jinsi alivyoweka amri moja darasani mwake: hakuna ruhusa ya kumwambia mwenzako kwamba hawezi kucheza. Kabla ya kuiweka aliijadili na watoto wa madarasa mbalimbali, na wakubwa wengi walimwambia ni ya haki ila kwao wamechelewa. Wadogo ndio walioishi nayo. Nasi tunajua kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

Mtu mzima ajue pa kusimama

Walimu na wazazi, sasa tujigeukie sisi. Mwaka 1997 Michael Giangreco wa Chuo Kikuu cha Vermont na wenzake walichunguza wasaidizi wanaowekwa darasani kwa ajili ya mwanafunzi mwenye ulemavu. Waliona kwamba msaidizi asiyebanduka ubavuni humtenga mtoto na wenzake. Watoto wengine humwona mtu mzima, wakakaa mbali. Mwanafunzi naye huzoea kusubiri kufanyiwa. Msaidizi mzuri huandaa mchezo, huingia kuuanzisha, kisha hurudi nyuma hatua tano na kuacha watoto wagombane na kupatana. Akiona umekwama, anaingia kama mchezaji. Ni bora kusema "Konda, mimi nashuka sokoni" kuliko "Watoto, mchezesheni mwenzenu".

Mama mwenye mtoto aliyehangaikiwa kliniki tangu kuzaliwa ana hofu ya haki. Watamwangusha, watamcheka, watamchafua. Nawaheshimu akina mama hao. Wengi wamembeba mwanao mgongoni hadi shule na kusubiri chini ya mti mpaka saa za kutoka. Ombi langu ni kwamba, mtoto akishaandaliwa mazingira salama, aruhusiwe kuchubuka goti. Na mtaani nako, dada na kaka zake wanapotoka jioni, atoke nao. Mkeka utandikwe kibarazani penye watoto, si chumbani penye redio.

Hoja zinazotolewa

Nimezisikia hoja tatu, nazo zina uzito. Ya kwanza ni ya walimu: darasa limejaa. Kiwango kilichowekwa kwa elimu ya awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na wengi wenu hapa mnafundisha idadi inayozidi hiyo mara kadhaa. Ni kweli, na serikali inadaiwa. Hata hivyo msongamano huo ni sababu nyingine ya kupanga michezo kwa vikundi vidogo, kwa kuwa watoto mia wakiachiwa uwanja mmoja, mdogo na dhaifu ndio wanaosukumwa pembeni, wawe na ulemavu au wasiwe nao.

Ya pili ni ya vifaa. Vifaa vya tiba na usaidizi, kama viti vya magurudumu na shime sikio, vinagharimu, na halmashauri zisikwepe wajibu huo. Vifaa vya kuchezea ni jambo jingine. Shule za awali za madrasa zilizoanza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, kisha zikafika Zanzibar na Uganda, zilijengwa juu ya vitu vya mazingira: vifuu, kokwa, maboksi, makopo, vitambaa vya fundi cherehani. Kila kifaa nilichokitaja katika mhadhara huu kinapatikana nyuma ya jiko la shule.

Ya tatu ni ya wazazi wa watoto wengine: "Mwanangu atarudi nyuma." Tafiti za madarasa jumuishi ya awali, zilizofanywa kwa miongo kadhaa hasa Marekani, hazikuonesha kwamba watoto wasio na ulemavu hupoteza maendeleo yao kwa kusoma na wenzao wenye ulemavu. Mtoto anayejifunza kusubiri zamu ya mtu anayechelewa kurusha mpira anajifunza kitu ambacho hakimo katika kitabu cha kuhesabu.

Wito

Walimu, wiki ijayo mchagueni mtoto mmoja. Ketini mahali anapoonekana, na kwa siku moja tu mhesabu ni mara ngapi alipata zamu, na alikuwa nani katika mchezo. Mkikuta hakupata, msianze na yeye. Chukueni mchezo ambao wenzake wanaupenda zaidi, mbadilishe kanuni moja, mtazame tena. Wakaguzi na wathibiti ubora wa shule, mkija kukagua, ombeni mwoneshwe uwanja kabla ya ofisi, tena wakati watoto wakiwa nje. Kamati za shule, katika ajenda zenu za matundu ya vyoo na madawati, ongezeni kivuli cha kuchezea na njia ya kukifikia. Wazazi, mleteni mtoto, na mwambieni mwalimu anapenda mchezo gani kabla hamjamwambia anaumwa nini.

Shule itakayoweza kusema kwamba kila mtoto wake alipata zamu leo, hiyo ndiyo shule jumuishi, hata kama bado haina bango getini.